Doa ya Shingo Yangu Isikatwe Kama Bosire Hakatwi

Kwa Daktari Esnah wa dispensari yetu,

Daktari, nakusalimu kwa heshima. Ni mimi Mokua wa huku Itumbe, ule kijana mwenye aliangalia chini mpaka ukauliza kama amepoteza kitu. Kuongea kulinishinda, ndio naandika.

Ulisema doa ya shingo yangu imepita raba ya penseli kwa ukubwa, iko rangi mbili, pembeni imejipinda kama ramani ya kaunti, na kamba ya kikapu ya kuchuna chai ikiigusa inatoa damu. Eti Jumatatu uikate ipelekwe kupimwa. Nalalamika hivi:

1. Mimi na Bosire ni mapacha. Yeye hana doa. Mama huangalia shingo kwanza ndio agombane. Ukiikata, makosa yote ya Bosire inakuja kwangu.

2. Bosire huongea kama redio. Mimi nikijipanga kusalimia mtu, huyo mtu ashafika nyumbani kwake. Sasa kuna msichana anaitwa Kwamboka, tunachuna majani chai laini moja. Nimemwangalia miaka mbili. Yeye hunijua kwa hiyo doa tu. Nikitoka kwako na shingo safi, Bosire atamuoa na mimi nitabeba kreti za soda kwa harusi yao.

3. Siku ya ufufuo malaika akiita Mokua, Bosire ataamka kwanza. Anapenda mbele sana.

4. Kwa hivyo, kama lazima ukate, mkate Bosire pia, sikio kidogo tu, vile tunaweka mbuzi alama. Hataumia sana.

Nisalimie askari wa geti na yule mama wa kupima watoto.

Ni mimi mwenye anakuheshimu lakini anaogopa kisu yako,
Mokua (wa doa)

N.B. Nimempa Kwamboka hii barua anirekebishie, juu yeye alimaliza Fomu Foo. Nilisahau namba mbili iko ndani. Amecheka mpaka akakaa chini. Amesema, "Wewe Mokua! Sabato iliyopita Bosire alijichora doa na utomvu ya ndizi, akakuja kunisalimia akijiita wewe. Nilimjua kabla amalize jina. Wewe ukinisalimia, unasalimia viatu yangu. Enda ukatwe, nitakupeleka mwenyewe."

Kwa hivyo tunakuja Jumatatu asubuhi. Bosire pia anataka kuja kuona, na hiyo utomvu imekataa kutoka na sabuni. Daktari, ukipata shingo mbili ziko na doa, kata ya mwenye amenyamaza.