Neno la Kwanza Litakuwa Baba

Jumatatu, 3 Machi

Usingizi mbaya. Kochi la sebuleni lilitengenezwa kwa mtu asiye na miguu. Chumbani kwangu wamelala mke wangu, binti yetu wa miezi minane, na mama mkwe. Mama mkwe alikuja kusaidia uzazi. Mtoto ameshaota meno, msaada bado unaendelea.

Asubuhi nilimbeba mtoto. Akanitazama kama vile mimi ni mtu aliyekuja kusoma mita ya maji, kisha akaangua kilio. Mama mkwe akampokea, kimya papo hapo. Imeniuma, tena sana.

Mtoto yu karibu kusema. Mama mkwe akimwogesha humwambia "bibi, bibi, bibi" mpaka maji yanapoa. Kampeni ya wazi! Leo mezani nikalitoa jambo hilo kwa adabu zote. Tukakubaliana, mke wangu akiwa mwamuzi. Mtoto akianza na "bibi", mama mkwe anabaki chumbani mpaka mtoto atembee. Akianza na "baba", mimi narudi kitandani kwangu, naye mama mkwe anarudi kwake kupumzika. Neno "kupumzika" nililichagua kwa uangalifu. Mama mkwe akasema, "Sawa, baba." Huniita hivyo siku zote, kwa heshima. Hajui kwamba ananifanyia kazi bure.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na akili. Rafiki yangu anafanya kazi mapokezi katika hoteli inayotazamana na duka langu la kutengeneza redio. Wageni wa kila namna humpitia. Nikamwomba awaulize "baba" kwao ni nani.

Mchana Mpokezi akavuka barabara na majibu. Mturuki: baba ni baba. Bwana anayesema Kiyoruba: baba ni baba. Kichwa kikanivimba. Mataifa yako upande wangu! Jioni nikatoa hotuba mezani, kwamba neno hili ni urithi wa dunia na mtoto mwenye akili timamu ataanzia hapo. Mama mkwe akauliza kama hao Waturuki nao hulala kochini. Mke wangu akapaliwa na chai.

Jumatano, 5 Machi

Nashindana na mtu anayeshinda nyumbani. Mimi siku nyingi natoka mtoto amelala, narudi mtoto amelala. Lakini je, mimi si fundi redio? Nimerekodi sauti yangu ikisema "baba", taratibu, kwa upendo, halafu kimya kidogo ili mtoto apate nafasi ya kujibu. Nimeitia kwenye spika ndogo ya kuchaji, nikaificha chini ya kitanda chake, nyuma ya nepi. Sasa niko nyumbani kutwa nzima bila kufunga duka. Kwa nini wanaume wengine hawajafikiria hili?

Jioni, balaa. Kuna mgeni hotelini, bibi mmoja wa Kibulgaria. Kwao baba ni bibi. Bibi kabisa, mzaa mama au mzaa baba! Kisha Mjapani akaongeza kwamba kwao baba ni kikongwe, na si neno la kumwambia mtu usoni. Nikamwambia Mpokezi azike habari hizo. Akaapa.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Mama mkwe ameacha "bibi". Nimemsikia kwa masikio yangu, pale kwenye beseni: "baba, baba, baba." Amesalimu amri. Nikaenda dukani napiga mluzi, nikamsamehe yote. Spika nayo inadumu ajabu. Betri ya siku moja, leo ni siku ya tatu bado inasema!

Jioni. Nimeuzwa mchana kweupe. Jana Mpokezi alikuta nimetoka dukani, akaileta nyumbani redio ya hoteli itengenezwe, akakaribishwa chai, akamwaga yote. Mama mkwe anasema "baba" huku akijigonga kifua chake mwenyewe! Nilipolalamika akasema anatumia Kibulgaria. Nikamgeukia mwamuzi. Mwamuzi akasema makubaliano hayakutaja lugha, na kwamba atakayefuatwa na mtoto huku akiitwa ndiye mshindi. Nimeoa katika ukoo wa mawakili.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemkabili yule mgeni wa Kibulgaria, Mpokezi akitafsiri. Bibi mwembamba, miwani imefungwa kamba. Nikamwomba afikirie upya maana ya neno lao. Akacheka hadi akavua miwani. Akasema wataalamu wengi huona kwamba neno hilo ni la watoto wenyewe. Mtoto hucheza na midomo, anaifunga, anaifungua, sauti inatoka. Aliye karibu hudhani ameitwa. Kwao yaelekea aliyekuwa karibu ni bibi.

Kisha akauliza kwetu aliye karibu ni nani. Nikaaga haraka. Ni wazi mama mkwe ameshampata huyu pia.

Jumapili, 9 Machi

Tulikuwa sebuleni baada ya chakula. Mtoto sakafuni, mimi nimepiga magoti upande huu, mama mkwe upande ule, sote tunasema "baba" kwa zamu. Mtoto akatutazama. Akafungua mdomo. "Baba."

Nikafungua mikono. Akatambaa, akanipita. Akampita mama mkwe pia. Akaingia chumbani mpaka chini ya kitanda chake, akaivuta ile spika, akailaza shavuni. Spika ikasema "baba" kwa sauti yangu. Naye akaiitikia, "Baba."

Mke wangu akaniambia wameijua spika tangu siku ya kwanza. Na anayeichaji kila jioni ni mama mkwe, kwa sababu mtoto halali bila kuisikia. Nilikosa pa kuficha uso.

Mama mkwe akaketi kando yangu. "Sauti yako anaijua, baba. Uso ndio hajauzoea. Funga duka mapema, uje umwogeshe wewe."

Nikaitikia kwa kichwa tu. Kisha mwamuzi akatoa hukumu: aliyefuatwa ni spika, kwa hiyo spika inabaki chumbani. Mama mkwe naye anabaki, ili kuichaji.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekesha nikiyatafakari maneno ya mama mkwe. Yamenigusa hasa. Amesema kweli yule mama: mtoto hajauzoea uso wangu. Dawa ni rahisi, sijui kwa nini sikuiona mapema.

Kabla ya kutoka nimebandika picha yangu ya pasipoti kwenye spika. Kwa gundi nzuri.

Dukani mpaka usiku. Mke wangu amepiga simu kusema mtoto ameilamba picha, pua yangu yote imetoka. Tumeanza kuzoeana!