Mabeseni Manne ya Mke Mwenza

Jumapili, 4 Mei

Mjukuu wangu anaharibikiwa na mimi namtazama hivihivi.

Nilikuwa kibarazani nachambua maharage, Mke Mwenza yuko uani anafua. Jina lake la shuleni analo. Mimi humwita Mke Mwenza tangu siku aliyozaliwa, maana alikuja kuninyang'anya babu yake mchana kweupe, na marehemu akafa anampenda yeye kuliko mimi.

Mabeseni mawili yanatosha kufulia ukoo mzima. Yeye amepanga manne. Shati amelitoa beseni la kwanza, amelitia la pili, ameliangika kambani na mapovu yake, halafu ameliangua na kulitosa beseni la tatu. Mdogo wake, Bwana Mdogo, amesimama kando anamsemesha maneno. Dada akikosea, mdogo anacheka, na shati linarudi beseni la kwanza kuanza upya. Sabuni inayeyuka. Jua linatua.

Nikasema moyoni, huyu mtoto amechoka mpaka amechanganyikiwa.

Na Ijumaa ana mtihani wa biolojia. Mwalimu ameshatamka: akianguka tena, anarudia darasa. Wenzake wote wasonge mbele, yeye abaki na watoto. Juzi alilia bafuni, amefungulia bomba akidhani maji yanamficha. Masikio yangu bado yapo.

Nimemwambia mama yake, binti yangu, fundi cherehani, ampumzishe mtoto kufua wiki hii. Akasema, Mama, hapana. Kila mtu humu ana kazi yake ya nyumbani na kazi yake ya shule, wakizoea kuchagua moja watazikosa zote mbili. Akaongeza kwamba nisithubutu kufua mimi. Mkono wangu wa kulia haujakaa sawa tangu niteleze, na daktari alikataza.

Nimeitikia. Kuitikia si kukubali.

Mimi shule sikuikanyaga. Herufi hizi nilizidoea mezani kwa wanangu, wao wakisoma, mimi nikimenya vitunguu. Lakini najua mtu anayesoma lazima akae akatulie. Hilo halihitaji cheti.

Jumatatu, 5 Mei

Mpango ni mwepesi. Binti akienda kazini, nafua mimi. Mke Mwenza akirudi shule, anakaa mezani na kitabu. Binti akirudi, anakuta nguo safi na mtoto aliyesoma. Nani kafua? Nguo hazina mdomo.

Nimefua kila kitu, mpaka mapazia. Mabeseni mawili, kama watu. Mawili mengine nimeyaficha uvunguni mwa kitanda changu, ule wazimu usirudi. Mkono ulilalamika, nikauambia unyamaze.

Mke Mwenza alirudi akaitazama kamba kama mtu aliyeibiwa. Akauliza nguo chafu ziko wapi. Nikamwambia hakuna, kaa usome. Akaanza, lakini Bibi. Nikamwambia "lakini" haijawahi kufaulisha mtu. Bwana Mdogo akataka kukaa naye, nikamtuma dukani. Aliporudi nikamtuma tena, kurudisha nilichomtuma.

Sketi ya dada mtu nimeinyunyizia maji kidogo, mama yake aone dalili za kazi.

Jirani yetu, nesi mstaafu, alinyoosha shingo juu ya ukuta. Akanijulisha kwamba mjukuu wake anafua, anapika, na bado ni wa kwanza darasani. Sikuwa nimemuuliza. Nikamwambia hongera sana, na kuku wako nao wanaongoza, kwa kula mboga zangu.

Jumanne, 6 Mei

Nimekamatwa. Kumbe nguo zina mdomo.

Binti alichukua gauni lake la kazini, akaligeuza, akaniita. Eti mimi nikikamua nguo naipinda mpaka ilie, na kifungo cha kati lazima kipasuke. Akasema nimemfulia tangu akiwa mchanga, mikunjo yangu anaijua kama anavyoijua sura yangu. Kisha akaushika mkono wangu akaona ulivyovimba. Hakunigombeza. Hilo ndilo lililoniuma. Alinipaka dawa polepole, kama mimi ndiye mtoto, anasema tu, Mama, Mama, Mama.

Nimeahidi sitafua. Na kweli siwezi. Haya naandika kwa mkono wa kushoto, herufi zinayumba kama walevi.

Lakini lengo limetimia: hakuna cha kufua, mtoto yuko mezani. Nikaenda kumchungulia. Amelala fofofo, shavu limelalia picha ya moyo.

Nikaona hapa tatizo ni kelele. Nimezima redio. Bwana Mdogo nimempiga marufuku kusema. Na sufuria ya presha, ile inayopiga filimbi, kabla ya kuinjika nilikivua kile kidude chake cha juu. Ilinyamaza kweli. Maharage nayo yalibaki vilevile. Tumekula changarawe. Binti alitafuna akinitazama. Bwana Mdogo aliinua kidole kuomba ruhusa ya kusema, akasema meno yake bado anayahitaji.

Jumatano, 7 Mei

Mwalimu amewapa jaribio la kuwaandaa. Mke Mwenza amepata nne kwa ishirini.

Alikaa kitandani kwangu na viatu vyake. Nikavaa kitambaa cha kichwani tayari kwenda kumpasha huyo mwalimu. Akanishika mkono, ule mzima, akasema, "Bibi, kaa. Kosa si la mwalimu."

Akanieleza. Akikaa na kitabu, maneno yanapita kama maji kwenye chujio. Mikono yake ikiwa na kazi, kichwa kinashika. Kumbe mabeseni yale ni moyo. Moyo una vyumba vinne, mimi niliyeutumia miaka yote hii sina habari. Nguo chafu ndiyo damu chafu, inaingia chumba cha kwanza, inashuka cha pili, inatoka kwenda kwenye mapafu kupata hewa. Mapafu ndiyo kamba. Ikishapata hewa inarudi chumba cha tatu, halafu cha nne, ndipo inasambaa mwilini. Bwana Mdogo anauliza maswali. Shati likitiwa beseni lisilo lake, safari inaanza upya.

"Uliniondolea shule yangu, Bibi," akasema. Bila hasira, kama mtu anayekuambia una uzi begani.

Nimeyatoa mabeseni uvunguni. Nimeyapanga uani. Tukatazamana, mimi na yeye na mdogo wake. Hakuna hata soksi moja chafu nyumba nzima. Akasema basi tufue hizi safi. Nikamwambia haiwezekani, damu chafu lazima iwe chafu, la sivyo siku ya mtihani atachanganya.

Niachieni mimi, nikasema. Niliona wametazamana.

Alhamisi, 8 Mei

Binti kazini, watoto shuleni. Nimetoa mashuka yote kabatini, yale meupe ya wageni pia. Nimeyatandaza bustanini, nimeyamwagia maji, nimeyakanyaga. Mkono haufai lakini miguu ninayo. Kazi inakwenda vizuri, udongo umeingia mpaka kwenye pindo.

Nesi akachomoza juu ya ukuta. Akaniuliza kwa ile sauti laini ya wodini kama najua leo ni siku gani. Nikamwambia ni Alhamisi, na kesho Ijumaa, na mtu akinichelewesha tutagombana. Akauliza nafanya nini na mashuka. Nikamwambia nachafua damu.

Hapo ndipo alipompigia binti yangu simu.

Binti alikuja mbio, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Akakuta mimi nimekalishwa kwenye ndoo na Nesi ananipima mapigo. Nikaeleza yote: kufua, kuficha, nne kwa ishirini, mapafu ya kamba. Na kilio cha bafuni pia, maana nilikuwa sijamwambia. Binti akakaa chini kwenye tope na sketi yake ya kazini. Mabega yakamtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Mwanangu analia peke yake na mimi nahesabu vyombo vilivyooshwa." Nikamwambia vyombo navyo lazima vioshwe, asijipige. Kosa lake ni kuzaliwa na mama mkaidi.

Watoto waliporudi kazi ilianza. Mke Mwenza anafua, Bwana Mdogo anauliza, binti anaanika. Nesi alikuwa akisahihisha kutoka juu ya ukuta, mara akashindwa kuvumilia, akazunguka, akaingia, akavua viatu. Akasema tumesahau vizuizi. Kumbe kati ya chumba na chumba kuna kizuizi, damu ikishapita isirudi nyuma. Wote wakageuka kunitazama mimi.

Nimewekewa kiti kati ya mabeseni. Shuka likitaka kurudi, nasema halipiti. Kukataza watu ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Nesi mwenyewe alisema hajawahi kuona kizuizi imara namna ile. Nitamfikiria upya, kuku wake bado.

Ijumaa, 9 Mei

Amekwenda. Chai yangu imepoa mara mbili.

Amerudi. Anasema waliambiwa waeleze safari ya damu, mwanzo hadi mwisho. Aliandika mpaka karatasi ikaisha, vidole vinatafuta sabuni. Hataki kusema zaidi. Nami sikuuliza zaidi ya mara nne.

Jumatatu, 12 Mei

Sitini na moja kwa mia. Harudii darasa.

Alinibeba juujuu, mimi na mifupa yangu. Nikamwambia aniteremshe, hakusikia, sikurudia. Binti amelia kwa furaha kwenye kitambaa cha mteja.

Kisha binti akaniapisha mbele ya watu wote, na Nesi shahidi: sitafua tena nguo ya mtoto kwa siri. Nimeapa kwa moyo wote, vyumba vyote vinne. Binadamu hujifunza.

Jumatano, 14 Mei

Sasa ni Bwana Mdogo. Kesho ana mtihani wa jiografia, mito na milima, na mtoto hata kufagia uwanja kumemshinda.

Alitoka na ufagio baada ya shule. Nilipokwenda kuangalia, amefagia nini? Amechorachora mchanga. Michirizi mirefu inapindapinda toka ukutani hadi mlangoni, vichuguu vya mchanga hapa na pale, vijiti vimechomekwa na vikaratasi juu. Kijana anayeota ndevu, anachezea mchanga kama wa chekechea. Ni uchovu huo. Ameniaga anaenda dukani kununua penseli, akasema Bibi, tafadhali usikanyage pale. Ameona haya, maskini.

Nilitafakari kile kiapo. Kilikuwa cha kufua. Kufagia hakuna aliyekutaja.

Nimeushika ufagio kwa mkono wa kushoto. Vichuguu nimevisawazisha, michirizi nimeifuta, vijiti nimevitia motoni. Uwanja unang'aa, hakuna alama hata ya kuku. Akirudi hana la kufanya ila kukaa na kusoma.

Nasikia geti. Ngoja nikamwone atakavyofurahi.