Keynan na Anwani za Timiro

Keynan alipoiona kompyuta ya Timiro, aliona neema pale ambapo wengine waliona runinga isiyo na picha.

Ilikuwa mwaka 1999, na kompyuta yenye barua pepe mjini Garissa ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi mchana. Timiro aliitumia kuwaandikia watu wa kwao walio ng'ambo: bei ya mbuzi sokoni, mvua imenyesha wapi, nani kaoa. Watu hao ndio aliowataka Keynan. Tayari alikuwa amewauzia wawili wao, Adow wa Toronto na Bulle wa Minnesota, ngamia jike aitwaye Dahabo aliyekuwa malishoni Ijara. Ngamia alikuwa mmoja, na huyo mmoja mwenyewe aliishi kinywani mwa Keynan tu.

"Timiro walaal, dada yangu," alisema kwa sauti ya asali, "nipe hizo anwani. Nina heri ya kuwagawia ndugu zetu."

"Si zangu kugawa. Kila mmoja nilimwuliza kama anataka nimwandikie, akakubali. Anayechoka huniambia, nami namfuta siku hiyo hiyo. Walinikubali mimi, Keynan. Wewe ulikubaliwa na nani?"

"Mimi hupendwa hata na wasionijua."

"Basi waombe mmoja mmoja."

Mmoja mmoja! Kwa Keynan hilo lilikuwa sawa na kumwomba mbuzi ruhusa ya kumchinja. Akasema hapana neno, yeye aruhusiwe tu kuandika salamu kwa abti yake, kaka wa mama, aliyeko London. Adhana ya alasiri ikaita.

"Huendi kuswali?" Timiro aliuliza akijitanda shungi.

"Mimi msafiri, nimeshajumuisha na adhuhuri," akajibu msafiri aliyetoka nyumbani kwake mtaa wa pili.

Timiro alipotoka tu, Keynan akafungua orodha, akabandika anwani zote juu ya barua moja, zikafuatana kama ngamia wa msafara. Chini yake akaandika: "Ndugu mpenzi, kati ya Wasomali wote duniani nimekuchagua wewe peke yako, kwa siri, umiliki Dahabo. Mimi mwenyewe namkamua kila alfajiri." Akabonyeza. Simu ikapiga mayowe ndani ya mashine, barua ikaenda. Akatoka anapiga mluzi.

Baada ya siku chache alirudi kuchukua majibu, amejipaka uturi hadi nzi wakampisha. Timiro alikuwa na rundo la karatasi mkononi. Kando yake aliketi Habibo, mamake Adow, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha lori. Mlango uliokuwa wazi nyuma ya Keynan ukazibwa na adeer zake Bulle, ndugu wa baba yake, watu wa mabega.

"Kila uliyemchagua peke yake aliwaona wenzake wote hapo juu," Timiro alisema. "Adow kawajibu wote kwamba Dahabo ni wake. Bulle kajibu ni wake. Wengine wanauliza ngamia ana miguu mingapi."

"Eeddo Habibo, shangazi yangu," Keynan alianza, mikono kifuani, "hizi mashine hukosea..."

"Nyamaza, bana," Habibo alifoka kwa lafudhi yake nzito ya Kisomali. "Dahabo yuko wabi?"

Keynan aligeukia mlango, akakutana na mabega. Mmoja wa wale adeer akanyoosha kiganja, na Keynan akaweka juu yake funguo za Peugeot aliyoipenda kuliko mke.

Gari likauzwa, wakanunuliwa ngamia wawili wenye mikia na hasira zao. Timiro akamwandikia kila mtu peke yake kuomba radhi na kumwuliza upya kama bado anataka habari zake. Wachache walisema basi; aliwafuta. Wengine walibaki, wakaleta na jamaa zao.

Keynan naye alipandishwa lori la kwenda Ijara pamoja na ngamia, awachunge mpaka wenyewe waridhike. Njiani abiria mmoja, mfanyabiashara mwenye saa ya dhahabu, aliwatazama wale wanyama kwa matamanio.

"Wazuri sana. Wa nani hawa?"

Keynan akajikohoza. Ulimi ulianza kuwasha. Akatupa jicho mbele: dirisha la nyuma la kabini lilikuwa wazi, na Habibo, aliyepanda mbele na dereva, alikuwa amegeuza shingo, anamsikiliza.

"Wa wenyewe," alisema Keynan, akajifunika shuka usoni.