Hakuna Kuzaliwa Inje ya Masaa ya Kazi

Batu bote ba Baraka, ba Nundu, mpaka kule juu Fizi-Centre, musikie! Kwanzia siku ya Lundi, hakuna mutoto atazaliwa inje ya masaa ya kazi!

Vile ndio tulitangaza na mégaphone. Ni Circulaire, amri namba moja ya bureau yetu, bureau ya kuandikisha bazaliwa mu telefone. Chef Norbert aliisaini. Mi ndiye naifatisha. Nilipata diplôme mwaka jana, sasa niko Chargé wa Roue ya Masaa. Musicheke. Tulikuwa batu saba tunaitaka hii kazi.

Roue ni ile kitu mu appli unasukuma na kidole, masaa inapanda, masaa inashuka, unachagua saa mutoto alizaliwa. Zamani ilikuwa na masaa makumi mbili na ine. Fujo tupu! Chef akaniuliza: "Serikali inafungua saa mbili ya asubui. Mutoto akizaliwa mbele ya pale, nani anamupokea?" Nikakata usiku. Saa mbili Chef angali njiani, nikakata. Saa sita anakula, nikakata. Kisha anapumzika juu ya kula, nikakata mpaka magaribi. Kulibakia saa tatu, saa ine na saa tano. Roue ikakuwa mwepesi, ikakuwa ya kisasa.

Na Article ya mbili iko wazi: mutu mwenye saa yake haiko mu roue, huyo hakuzaliwa.

Kazi ilienda muzuri sana. Mu mwezi moja bazaliwa bakatoka mia mbili mpaka kumi na ine. Chef akaandika mu rapport kama bamama ba huku banaanza kushika discipline.

Njo akakuya Pulchérie, muuzisha wa ndagala, samaki badogo-badogo, pale soko, mutoto mu mugongo. Ilikuwa mara yake ya tatu.

"Mama, fiche ya maternité, kule ulizalia, inasema saa kumi ya usiku," nikamwambia. "Hiyo saa hatuna."

"Hamuna namna gani? Mi nilikuwa nayo!"

"Ungevumilia kidogo. Masaa tano tu, ungemuzaa mu ordre."

"We kijana, ulishazaa?"

"Hapana. Lakini niko na diplôme."

"Basi andika saa tatu, tuachane."

"Fiche iko na cachet, muhuri ya maternité, mama. Itakuwa faux, karatasi ya uongo."

Akakaa mu banc. "Leo ni siku ya makumi munane na tisa toka azaliwe. Appli yenu inapokea mutoto mpaka makumi tisa, kisha munatutuma tribunal, mbele ya juji, kule Uvira. Mutoto wangu hatakuwa mutu wa bule. Sitoki hapa."

Pale pale Chef akatoka mu bureau yake, anacheka peke yake. Kinshasa imeandika: chef mwenye anataka kupanda cheo ajiandikishe kwanza mu appli.

"Anza na mi. Weka saa tatu."

"Chef, wakubwa hawana fiche. Mama ndiye fiche."

Bakamwita Mama Clarisse, mama yake, anaishi nyuma ya bureau. Alikuya na unga ya mihogo mu mikono.

"Mama, nilizaliwa saa ngapi?"

"Saa kumi ya usiku. Mvua ilikuwa inapiga mabati, hatukusikilizana."

"Fikiri muzuri. Haikuwa saa tatu?"

"Saa tatu nilikuwa nimeshakunyonyesha mara ine. Ulikuwa mulafi, we!"

Chef akainama mu sikio yake: "Mama, sema tu saa tatu."

"Norbert! Ile tumbo ilikuwa yako ao yangu?"

Nikasukuma roue, ikapanda, ikashuka. Hakuna. Mi niko mutu wa procédure.

"Samahani sana, Chef. Haukuzaliwa."

Pulchérie akauliza toka mu banc: "Kama hakuzaliwa, ile Circulaire nani aliisaini?"

Nikaifungua, nikaiangalia. Signature iko, mwenyewe hayuko. Na karatasi yenye mwenyewe hayuko, mu administration, ni karatasi ya kufungia ndagala.

Nikarudisha masaa yote makumi mbili na ine. Nikaandika mutoto wa Pulchérie, Ayubu, saa kumi ya usiku na dakika kumi. Karatasi ikatoka. Pulchérie akasoma ile jina kwa sauti, akalisoma tena, kisha akafunga karatasi mu kikwembe.

"Sasa mi," Chef akasema.

Nikaandika. Appli ikafikiri.

"Chef, siku makumi tisa zilipita. Kuko miaka makumi ine na saba."

"Basi?"

"Basi ni tribunal, Uvira. Banaomba mama mwenyewe alete mutoto."

Mama Clarisse akapangusa unga, akamushika Chef mukono.

"Twende, mwanangu. Kojoa kwanza, njia ni murefu."