Tarishi Anayerudi Nyuma

Jumatatu, 3 Machi
Nimegundua siri ya ubongo! Sisi matarishi wa taasisi ya utafiti wa ubongo kazi yetu ni kubeba barua, lakini masikio tunayo. Leo nimepeleka faili kwa Profesa, nikamkuta akiwaeleza wanafunzi kuwa ubongo hujitengenezea kemikali zinazofanana na za bangi. Bangi! Bila shamba! Seli inayopokea ujumbe ikizidiwa, huzitengeneza papo hapo, zikarudi nyuma kwa seli iliyotuma: punguza, dada, nimeelemewa. Aliendelea na mengine, ila mimi nilishatoka. Nina mipango.

Ijumaa anatangazwa mkuu wa matarishi. Ni mimi au Miwani, tarishi mwenzangu anayebisha hodi hata mlango ukiwa wazi. Mke wangu ameshawatangazia dada zake. Nikikosa, nihamie mwezini.

Jumanne, 4 Machi
Karani wa masijala amezikwa na barua za Mkurugenzi. Amelia mbele yangu. Seli imezidiwa! Nikabeba rundo zima mpaka kwa Mkurugenzi, nikamwambia huko chini wanaomba apunguze. Akanitazama weee. Kisha akaweka kalamu chini. Sayansi!

Jumatano, 5 Machi
Nimerudisha barua hamsini na mbili, sikufungua hata moja. Ofisi kimya. Karani amenipa biskuti. Miwani anazunguka mikono mitupu, anauliza watu kama wana chochote cha kutuma. Nimecheka mpaka kifungo cha shati kimeruka.

Nyumbani mama mkwe alianza habari za meno yake. Nikamnyooshea kiganja: punguza. Nimekula jikoni, nimesimama.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Mkurugenzi anasema barua ya uteuzi wangu ilikuwa ndani ya lile rundo la Jumanne. Nilimrudishia kwa mkono wangu mwenyewe, naye akaelewa kwamba cheo sikitaki. Kapewa Miwani! Nimeumia, sifichi. Dada za mke wangu wanakuja kesho kunipongeza.

Nikamvaa Profesa. Akasema ningesubiri somo liishe: kemikali hizo hutuliza kwa muda mfupi tu, halafu huvunjwavunjwa. Tena haziwekwi stoo.

Mimi nimehamishiwa stoo.

Jumatatu, 10 Machi
Lori la karatasi limefika asubuhi. Rafu zimejaa, zimezidiwa kabisa. Nimemwambia dereva arudishe karatasi kiwandani, awaambie wapunguze. Ametii! Profesa hakukosea, ni watu tu wagumu kuelewa.

Alasiri Miwani kabisha hodi, mlango wazi. Ana barua yangu kutoka kwa Mkurugenzi. Eti ni habari njema, nifungue haraka. Nimemrudisha nayo.