Saba Yangu Ni Sita

Jumapili, 3 Machi

Nahodha wa klabu ya gofu amebandika majina ya timu. Sita wamo. Jozi ya mwisho itapatikana Jumamosi ijayo: mimi na shemeji dhidi ya Daktari wa Meno na Rubani. Watakaoshinda wanaingia, na majina yao yataandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa ukumbini.

Fremu ya ubao huo nimeichomelea mimi, enzi zile naingia klabuni kwa geti la nyuma na mtungi wa gesi begani. Leo nina karakana yangu, mafundi tisa na handikapu sita, daraja la wachezaji wazuri. Fremu yangu, ndani yake simo. Baba mkwe, Mungu amrehemu, yumo mstari wa pili. Shemeji, kaka wa mke wangu, kila tukipita pale husimama chini ya jina la baba yake na kujifanya anafunga kamba za viatu.

Daktari wa Meno kaja na vyuma vipya, zile fimbo zenye namba. Vya kufuliwa, si vya kusubu kwenye kalibu. Vyembamba. Alivipitisha mezani kimoja kimoja kama anayeonyesha picha za harusi. Akasema ukiupiga mpira katikati husikii kitu mikononi, ni kisu kwenye parachichi. Nikamwambia vyangu pia vya kufuliwa, mwaka wa pili huu. Akavitazama, akasema ndiyo, vizuri, ila ukingo wa juu umenenepa kidogo, au macho yake?

Nina kalipa ya kupimia unene mfukoni siku zote. Alipokwenda msalani nikapima. Vyake milimita tano na pointi mbili. Vyangu tano na pointi sita. Pointi nne ndizo anazojivunia mtu mzima.

Jumatatu, 4 Machi

Uwanja wa mazoezi, jioni. Nimepiga ishirini na namba saba. Kumi na mbili safi: mlio mfupi, mikono haina habari. Nane nje ya katikati: umeme mpaka kwenye kiwiko. Vyuma vyembamba haviachii. Ukikosea kwa upana wa kidole vinakusema mbele ya watu.

Shemeji pembeni yangu na vyuma vyake vya zamani vya kusubu, mgongo mnene, vibaya kama pasi ya mkaa. Anakosea, mpira unakwenda vilevile. Amenituliza, akasema chuma hakimjui mwenye nacho. Rahisi kusema ukiwa umeshika pasi.

Lakini nimegundua jambo. Daktari hunichungulia. Kuuliza mpinzani anatumia namba gani ni kosa la kanuni. Kuchungulia si kosa, na klabu nzima tunachungulia, tunajifanya tunatazama mawingu. Mimi, yeye na shemeji tunapishana mita mbili tatu tu kwa kila namba. Saba mita mia na thelathini na tano, sita mia na arobaini na tano. Namba ikishuka uso wa fimbo unasimama zaidi na mpira unakwenda mbali zaidi. Kwa hiyo akiona namba yangu, ameshajua yake.

Sasa je, kama namba yangu inasema uongo?

Jumanne, 5 Machi

Nimevikunja. Vyote. Jiliwa la kubania, kipimapembe, bomba refu la kupata nguvu. Uso wa saba ulikuwa nyuzi thelathini na nne, sasa thelathini. Hiyo ni sita iliyovaa shati la saba. Nane sasa ni saba, tisa ni nane. Chini yake imeandikwa kama zamani. Sijafuta kitu. Sijadanganya mtu. Nimenyoosha tu chuma changu mwenyewe ndani ya karakana yangu mwenyewe.

Fundi mkuu alisimama mlangoni na bawaba za geti la shule, zinazongojwa tangu wiki iliyopita. Akasema bosi ana bahati hivi ni vya kufuliwa, vingekuwa vya kusubu vingekatika kama biskuti. Nikamwambia nilikijua chuma yeye akiwa bado hana meno. Akasema sawa bosi, na bawaba je?

Alhamisi, 7 Machi

Mazoezi ya siri. Mipira inaruka chini kuliko kawaida na ukingo wa mbele unachimba kama jembe. Bwana nyasi wa klabu ameniuliza kama natafuta maji. Umbali lakini, barabara.

Kanuni ni moja: ongeza moja. Kazi ya sita, shika saba. Kazi ya nane, shika tisa. Nimeirudia bafuni mpaka mke wangu akagonga mlango kuuliza namwongezea nani moja. Nikamweleza. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda na taulo kichwani, akauliza kama kaka yake anajua. Nikasema anajua anachohitaji kujua. Shemeji hawezi kutunza siri. Alipouza gari lake alimwonyesha mnunuzi mahali linapovuja, akamwazima na ndoo.

Mke wangu akasema huyo mtu hajalala vizuri tangu Jumapili kwa ajili ya ule ubao. Nikasema ndiyo maana nafanya haya.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji kapita jioni na kofia ya marehemu baba yake. Imefuliwa, imepigwa pasi. Akauliza kama ni vibaya kuivaa. Nikasema avae.

Alishika kikombe kwa mikono miwili. Akasema kwa umbali hajiamini hata kidogo, ila hana wasiwasi, yeye atatazama tu mimi nimeshika namba gani na kushika hiyohiyo, kama miaka yote. Nilikuwa nafuta vyuma kwa kitambaa. Nikamwambia vizuri sana shemeji, tulia. Nimeguswa kwa kweli. Ni mtu wa imani.

Jumamosi, 9 Machi

Nitaandika kwa utaratibu. Kila shimo unahesabiwa mpira bora wa kila jozi, na jozi yenye mashimo mengi ndiyo inayoingia.

Shimo la tano, fupi, kazi ya nane. Shemeji alitangulia na nane yake, akafika. Mimi nikashika tisa, nikaiweka wazi juu ya toroli, chini yake ikitazama angani. Daktari akatazama mawingu. Nikapiga, mpira karibu na bendera. Daktari akarudisha nane mfukoni, akatoa tisa. Mita kumi pungufu, kwenye mchanga. Alitazama fimbo yake kama mgonjwa aliyemng'ata. Tukashinda shimo hilo.

Nilitembea kama mwenye uwanja. Mpaka shimo la kumi na tano tulikuwa mbele kwa shimo moja.

Shimo la kumi na sita. Bwawa mbele, bendera ng'ambo, mita mia na arobaini na tano. Kazi ya sita. Zamu ya kutangulia ni yetu, na shemeji alikuwa ameshaanza kwenda na sita yake mkononi. Nikamshika bega, nikaomba nianze mimi. Nilitaka chambo kikae mahali pake kabla ya daktari. Nikainua saba, nikaifuta polepole, namba nje. Nikapiga. Ng'ambo, salama, mita sita kutoka kwenye bendera.

Kanuni iko wazi: jozi inayotangulia inamaliza yote, ndipo wengine. Hilo nalijua miaka kumi na moja. Nililikumbuka shemeji alipokuwa anarudisha sita yake mfukoni na kutoa saba.

Ningeweza kukohoa. Nilikohoa. Akageuka, akanitabasamia, akarekebisha kofia ya baba yake. Akapiga mpira mzuri kuliko yote niliyowahi kumwona akipiga. Ulikwenda mita mia na thelathini na tano, kamili kabisa, ukaingia majini bila kelele.

Alitazama mikono yake.

Daktari naye alitazama. Aliitazama saba ya shemeji, akalitazama bwawa, akanitazama mimi. Akachukua sita. Mita mbili kutoka kwenye bendera. Akaumaliza. Mimi nikahitaji mbili, shimo likawa lao. Sare.

Shimo la kumi na saba, sare vilevile. Rubani, ambaye hajasema neno tangu asubuhi, akasema upepo umetulia.

Shimo la kumi na nane. Mpira wangu uko mita mia na ishirini na tano, mahali ambapo nimekuwa kila wiki tangu nijiunge. Nyuma ya bendera veranda ya klabu, Nahodha amekaa na chai yake. Nilifikiria ubao. Nilifikiria jina langu lina herufi ngapi. Mkono ukaenda wenyewe ukachukua nane, kwa kuwa pale huwa ni nane.

Ongeza moja. Ilinijia mpira ukiwa angani.

Mguso ulikuwa mtamu, hilo niseme. Parachichi. Mpira ukapita juu ya bendera, juu ya ua la maua, ukatua verandani na kusimama chini ya kiti cha Nahodha. Nje ya mpaka. Akainua miguu, akaendelea na chai.

Shemeji alikuwa mita mbili nyuma yangu. Nane yake ilikuwa tayari mkononi, na ndiyo ilikuwa sahihi. Akauangalia mpira wangu ulikoishia, akaiangalia nane yangu. Akairudisha yake. Akachukua tisa. Mchangani.

Daktari na Rubani walimaliza kwa mapigo manne. Tumeshindwa kwa shimo moja.

Daktari alinipa mkono. Akasema kwa sauti ya chini kwamba pale shimo la tano alishangaa, tisa gani inaruka chini vile. Yeye kutwa yumo vinywani mwa watu anatazama pembe. Kisha akaniuliza kama bado nakutwa na maumivu ya gego. Nikasema hapana. Linauma.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji kaja baada ya chakula cha mchana. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mfuko wangu, akatoa nane, akaisimamisha na nane yake, uso kwa uso, karibu na dirisha. Yangu imesimama, yake imelala. Mtoto angeona.

Akauliza nimevikunja kabla ya mechi au baada. Nikasema kabla. Akasema ahaa.

Mke wangu akatoka sebuleni, akarudi, akatoka tena.

Kisha shemeji akaketi. Akasema usiku kucha alidhani ni uzee. Alipiga mpira vile mzuri ukafia majini, akajua ndiyo basi, nguvu zimekwisha, jina la baba yake litabaki peke yake pale juu. Alfajiri alikuwa anawaza kuuza fimbo. Kwa hiyo, akasema, kusema kweli ana nafuu.

Nilimweleza mpango wote, nyuzi na mita. Akasikiliza. Akasema ulikuwa mpango wa akili ila ungeniambia, shemeji. Nikasema uso wako ungetoboa siri. Akasema hata hivyo. Akanywa chai, akacheka kidogo pale kwenye miguu ya Nahodha. Akaacha mfuko wake nimbadilishie raba za mipini, zimeisha. Angeweza kuupeleka dukani. Kauacha kwangu. Mtu wa imani, nimeshasema.

Mke wangu ameniambia nivirudishe vyuma kama nilivyovikuta na nimheshimu kaka yake. Nimekubali yote mawili.

Jumatatu, 11 Machi

Nahodha amepiga simu. Nikajiandaa kuomba radhi kwa ajili ya veranda. Hakuigusa. Alisema ubao umejaa, majina mawili ya mwaka huu hayana pa kukaa, fremu irefushwe, na hakuna mwingine anayejua vipimo vyake.

Nimekwenda mwenyewe. Nimechomelea kipande cha chini ili Daktari wa Meno na Rubani wapate nafasi. Nimesaga maungio mpaka hayaonekani. Kazi safi. Nimeongeza sentimita nane chini yao. Hakuuliza za nini. Mistari miwili hiyo, ya mwaka ujao.

Bawaba za geti la shule bado. Kesho.

Jumatano, 13 Machi

Nimepiga hesabu upya, kwa utulivu, na kosa nimeliona. Mpango haukuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa mmoja: jozi moja, mifuko miwili, na mmoja kati yake unasema ukweli. Vyuma vya shemeji vingekuwa vimekunjwa kama vyangu, saba yake ingevuka bwawa, tisa yake ingefika, na sasa hivi mchora herufi angekuwa anachanganya rangi.

Mfuko wake uko hapa karakanani. Raba nimeshabadilisha. Nitavikunja nyuzi nne nne, sawasawa na vyangu. Sitamwambia, asije akakosa usingizi. Mwaka mzima atazoea bila kujua, na atafurahi kwamba nguvu zimerudi.

Fundi mkuu amepita, akaona mfuko, akakumbusha kwamba hivyo ni vya kusubu. Nikamwambia apeleke bawaba.

Nimeanza na namba saba. Nimeipasha moto kidogo shingoni, nikaifunga kwenye jiliwa, nikavuta bomba polepole sana. Ilikataa, ilikataa, halafu tak.

Nimeichomelea. Imeshika. Kovu ni dogo, na nimelipaka rangi ya fedha. Ukiinama karibu kabisa utaliona, lakini hilo halinisumbui. Shemeji haangalii fimbo zake. Huangalia zangu.