Seva Iliyokataa Kuzimika

Jumapili, 3 Agosti 2025. Chekalini.

Stima imepotea mara tatu leo. Mara tatu! Na mara zote tatu seva yangu imekataa kuzimika. Betri ya dharura inaipa dakika kumi na mbili. Mtu mzima anaweza kuoga na kuvaa kwa dakika hizo. Hii mashine inakaa tu, imeandika kwenye kioo: "Inasubiri." Inasubiri nani? Betri ikaisha, ikazimika ghafla, na stima iliporudi ikashinda saa tatu ikikagua diski zake. Nimeipiga kofi. Nimeumia mkono.

Kwa faida ya vizazi vitakavyosoma hapa: seva ni kompyuta kuukuu niliyoijaza diski nne na kuiweka kabatini sebuleni. Ndani yake mna mambo yote ya ukoo wa mke wangu, Risper. Harusi, mahari, matanga. Hasa video ya marehemu baba mkwe, Mzee Osiako, akiwausia watoto wake wiki moja kabla hajafariki. Jumamosi hii tunamkumbuka mwaka mmoja, kule Mautuma, na mimi Protus ndiye nitakayemwonyesha kwenye skrini kubwa. Hakuna mwingine anayeweza. Nilihakikisha. Mwaka jana nilikusanya video kutoka simu zote za ukoo, nikawaambia wafute zao, kila kitu kiko salama kwangu. Wakafuta. Watu watiifu sana.

Risper ameniuliza kama nina nakala nyingine mahali. Nimemwambia ndiyo. Nitaitengeneza wiki hii.

Jumatatu, 4 Agosti.

Nimebadilisha waya. Nimebadilisha soketi. Nimefungua kifuniko na kupuliza vumbi, likaniingia machoni. Inasubiri!

Nilienda sokoni kwa Swafia, yule binti wa Mumias mwenye duka la kompyuta. Sikwenda kuomba ushauri. Nilienda kununua waya mwingine. Lakini akaniuliza wa nini, na kabla sijamaliza akaanza kunifundisha. Ati seva haina ubishi, ina adabu tu. Haifungi mlango kama mtu bado yuko ndani. Ati kuna mtu amefungua faili na hajalifunga, kwa hiyo nitafute ni nani. Akaniandikia amri kwenye karatasi, bure.

Ana miaka ishirini na minne! Nimeshika kompyuta kabla mama yake hajaolewa. Karatasi nimeikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza unaocheza. Meza imetulia. Angalau ameleta faida.

Jumanne, 5 Agosti.

Nimetazama usia wa mzee mwanzo hadi mwisho. Nimefanya uhariri mdogo. Kuna mahali karibu na mwisho anapozungumza juu yangu, kama nusu dakika hivi. Mzee alikuwa mgonjwa. Dawa zile humfanya mtu aseme asichokusudia. Nimekata na kuunganisha vizuri, huwezi kujua. Sasa anatoka kwenye ng'ombe anaingia moja kwa moja kwenye sala.

Nikataka kufuta ile video ya kwanza, isije ikaangukia mikono mibaya. Seva ikakataa! Ati faili linatumika. Linatumiwa na nani, na mimi niko peke yangu hapa na kaptura? Nimepandwa na hasira hadi nimeshindwa kula.

Nakala: kesho.

Jumatano, 6 Agosti.

Nimeinua meza, nimetoa karatasi ya Swafia. Nimefanya hivyo kwa sababu nilitaka kuhakikisha amekosea.

Jina likatokea. PHANUEL.

Nilijua! Phanuel, binamu ya Risper, jirani yangu ng'ambo ya ua. Phanuel anayekata ua upande wake kwanza ili wangu uonekane kichaka. Krismasi nilimpa neno la siri aingie kwenye seva, aone mwanamume mwenye maendeleo anavyoishi. Kumbe nimefuga nyoka. Kikulacho ki nguoni mwako! Na huyo huyo ndiye anayekula ingokho, kuku wa mgeni, kila jioni wiki hizi, kwa sababu mama mkwe wangu amekuja kutibiwa macho na amefikia kwake. Hangeweza kulala kwangu, sisi hatufanyi hivyo. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, wala sisi wawili hatutazamani usoni. Kwa hiyo heshima ni yangu na kuku ni wa Phanuel.

Kesho namfungia nje. Bila onyo.

Alhamisi, 7 Agosti.

Ushindi! Saa kumi jioni nimefuta jina la Phanuel. Nimebonyeza kuzima. Sekunde kumi na moja! Imezimika kimya, kistaarabu, taa zote. Nimecheza sebuleni. Nimeiwasha na kuizima mara tano kwa raha tu.

Baadaye.

Saa moja nilisikia kilio ng'ambo ya ua. Risper akakimbia huko. Aliporudi hakukaa chini. Akaniambia mama hajagusa obusuma, ugali umepoa mezani. Akaniambia kwamba kila jioni, tangu afike, mama huketi na tableti ya Phanuel na kumsikiliza mzee. Haoni vizuri, lakini anasikia. Na hakubali mtu yeyote aifunge. Phanuel alijaribu siku ya kwanza akakaripiwa: mzee akiwa anaongea huwezi kumfunga mdomo. Basi wanamwacha. Mzee anamaliza, anaanza tena, hadi asubuhi, mama amelala hapo kando yake; hata mchana tableti haifungwi.

Leo mama amesema, "Amenikataa. Sijui nimemkosea wapi."

Nimeuliza kwa nini hakuna mtu aliyeniambia. Risper amesema ningeambiwa ningeanza kufundisha.

Singeweza kwenda kumwomba mama radhi, mkwe haendi kusimama mbele ya mama mkwe. Nimemtuma Risper akamwambie ilikuwa stima. Nimerudisha jina la Phanuel. Saa mbili nikasimama karibu na ua, nikamsikia mzee akikohoa kule ndani, na mama akimjibu.

Ijumaa, 8 Agosti.

Leo ndiyo leo. Nakala! Risper ametangulia Mautuma kupika. Nimechomeka diski mpya saa tatu asubuhi. Ikafika nusu, ikaganda. Nikabonyeza kuzima ili niiwashe upya. Inasubiri!

Nikampigia Swafia. Akasema jambo ni rahisi, kwa adabu ile ile: mwambie anayesikiliza apumzike dakika tano. Au ngoja.

Kumwambia mama mkwe mwenyewe, haiwezekani. Aliyebaki kule wa kunisaidia ni Phanuel. Yaani mimi niende langoni kwa Phanuel, nibishe, nimwombe Phanuel! Aniulize kwa nini nilimfungia! Nilisimama nikiwa nimeshika kofia. Nikafika hadi kwenye ua. Yeye alikuwa anaukata, upande wake, akanisalimu kwa tabasamu.

Nikarudi ndani nikachomoa waya wa seva kutoka kwenye betri.

Ilitoa sauti kama ya mahindi kwenye kinu. Ilipowaka, video zote mbili za mzee, ile ya kwanza na ile yangu, hazikufunguka. Swafia alifunga duka akaja. Alikaa saa nne. Kisha akaweka bisibisi chini polepole, akaniambia pole kama mtu aliyekuja matangani. Hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Jumamosi, 9 Agosti. Mautuma.

Watu kama mia tatu. Skrini kubwa, nyeusi. Nilisema ni jenereta. Jenereta ikanguruma vizuri kabisa. Nikasema ni waya. Phanuel akaleta waya.

Kisha mama mkwe akainuka. Nikajiondoa haraka nyuma ya hema, kama inavyotakiwa. Akaomba kipaza sauti. Akasema, "Mzee yenu hajapotea. Mimi nimemsikia kila siku."

Akaanza. Usia wote! Neno kwa neno, alipopumzika mzee, naye akapumzika, alipokohoa, akakohoa. Shamba la juu lisiuzwe. Ng'ombe ya kahawia ni ya binti yangu Nasambu. Hata wapishi wakatoka jikoni na miiko mkononi. Simu zote zikainuliwa juu.

Mama hakufanya uhariri. Alipofika mwisho wa ng'ombe akasema, kwa sauti ya mzee kabisa: "Na huyu mkwe yangu ana roho nzuri. Lakini anajuanga kila kitu. Mumwambie aulizange watu. Atakuja kuharibu kitu siku moja, na mimi sitakuwa."

Watu mia tatu wakageuka wakatazama hema. Walicheka, halafu wengi wakalia. Nami nililia. Moshi wa jikoni ulikuwa unakuja upande huo.

Jumapili, 10 Agosti. Chekalini.

Siku yenye mafanikio. Baada ya ibada nimepita kwa kila mtu na diski yangu mpya. Nimekusanya video arobaini na moja za mama mkwe akitoa usia, nikazihamishia zote kwenye seva. Nimewaambia wafute zao, wasijaze simu bure, kila kitu kiko salama kwangu. Wamefuta wote, isipokuwa Phanuel. Ati ataweka yake, na nyingine amempa Swafia. Roho mbaya ile!

Risper ameuliza kama nitatengeneza nakala. Nimemwambia ndiyo, wiki hii.

Mzee alikuwa na hekima. Nimeamua kuanza kuuliza watu, nikipata mtu anayejua kuliko mimi.

Saa kumi na mbili. Taa zinapepesa, stima inataka kupotea. Nimebonyeza kuzima. Inasubiri. Ng'ambo ya ua namsikia mama mkwe akijisikiliza mwenyewe akiongea kwa sauti ya mzee.

Nimechomoa waya.